Mpambe wa Kulia

Evert Roodzant alikuwa mkaidi, na mkaidi wa Oudewaard si mkaidi wa kuigiza. Mji wenyewe umekaa chini kuliko maji ya mto wake, umekaa hapo kwa ubishi tu, na wale waliokuwa tayari kushindwa walikwisha kuhama zamani. Kwa miaka mitano mzee huyu hakuwa amesema hata neno moja na mwanawe wa pekee, Machteld, ilhali waliishi mji mmoja, wakaendesha baiskeli barabara zilezile, wakanunua jibini kwa muuzaji yuleyule siku ya soko. Akimwona kwa mbali hukata kona. Kisha akirudi nyumbani huketi jikoni akitazama kiti kitupu upande wa pili wa meza, na mkate unakauka mezani bila kumegwa. Lakini apige simu? Thubutu!

Basi Ijumaa ile ya mwezi wa tatu, waliopishana naye barabarani waligeuza shingo. Mzee wa miaka sitini na sita juu ya baiskeli nyeusi, amevaa koti jeusi la mkia, shati jeupe lililopigwa pasi likanyooka, na tai nyeupe ya kipepeo. Mikia ya koti alikuwa ameifunga kiunoni kwa kamba, isije ikaliwa na mnyororo wa baiskeli.

"Evert!" muuza samaki alimpigia kelele kutoka kibandani. "Unakwenda kuoa?"

"Nikioa sikualiki! Utawanukia wageni samaki!"

Muuza samaki alicheka. Evert hakucheka. Alizidi kukanyaga pedali, maana alikuwa anakwenda Chuoni, na saa nne asubuhi Machteld alikuwa anatetea kitabu chake cha udaktari, ile shahada ya juu kabisa, mbele ya maprofesa saba.

Kitabu chenyewe kilikuwa kimemfikia kwa posta mwezi wa kwanza, pamoja na barua fupi. Barua hiyo alikuwa ameisoma mara nyingi hivi kwamba karatasi ilianza kukatika kwenye mikunjo.

"Baba. Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, ukumbi mkuu. Anayetetea hukaa na wapambe wawili, mmoja kushoto na mmoja kulia. Wa kushoto ni rafiki yangu Wendela. Kiti cha kulia ni chako. Sitamwalika mwingine. Usipokuja kitakaa kitupu, na mimi nitakuwa nimepata jibu langu. Machteld."

Hakujibu. Si kwamba hakutaka. Kila aliposhika kalamu, mkono ule uliowahi kuvuta mirija ya kioo myembamba kuliko unywele ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia. Mwishowe alipanda treni hadi Rotterdam akakodi koti. Kwa maoni yake hilo lilikuwa jibu tosha. Kwamba binti yake hawezi kuliona koti lililoning'inia kabatini kwa wiki mbili, hilo halikumpitia akilini. Wanaume wengine Mungu aliwaumba siku ya mwisho kabisa, amechoka.

Tuseme ukweli wa mambo, ugomvi ulianza hivi. Evert alikuwa mpuliza kioo wa Chuo cha Ufundi cha Oudewaard kwa miaka thelathini na sita. Karakana yake ilikuwa chini kabisa ya jengo la kemia, na huko ndiko maprofesa walikoshuka na michoro yao. Wengi walipanda ngazi na michoro mingine kabisa, kwa sababu Evert hakuwa na haya ya kuwaambia, "Kitu hiki hakipulizwi. Na kingepulizwa, kisingefanya kazi." Kila kitabu cha udaktari kilichotoka pale kilikuwa na mstari wake wa shukrani kwa Bwana Roodzant wa karakana ya kioo, na kila mwandishi alimwalika siku yake ya kutetea. Hakuwahi kwenda hata mara moja. "Ukumbi ule ni wa watu wa juu," alizoea kusema, "mimi ni wa chini." Kiburi cha fundi ni kibaya kuliko cha profesa. Profesa angalau hulipwa kwa kiburi chake.

Mkewe Dirkje alifariki Machteld akiwa na miaka kumi, na tangu hapo mtoto alikulia karakanani. Akitoka shule huja moja kwa moja, anavaa miwani ya moto, anakaa kwenye kigoda cha pili. Akiwa na miaka kumi na sita alikuwa na mkono ambao Evert hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote, hata kwa mwalimu wake mwenyewe. Alijisemea, hapa nimepata mrithi. Machteld akasema anataka kupanda juu kusoma jinsi maji yanavyopita kwenye mirija. Evert alimeza hilo, ingawa lilikwaruza. Jambo la pili ndilo lililomkaba. Machteld akiwa mwakilishi wa watafiti vijana, wakubwa waliita kikao kuhusu karakana, wakamuuliza: kioo cha chini mnakingoja kwa muda gani? Akajibu, "Wiki sita. Kile cha kiwanda cha Ujerumani siku nne. Na kimenyooka zaidi." Kabla ya majira ya joto kwisha, moto wa karakana ulizimwa.

Jioni ya kikao Machteld alikuja mwenyewe kumwambia baba yake kabla hajasikia kwa wengine. Alikuwa amechelewa, habari ilikwisha kufika. Aligonga mlango mpaka jirani akafungua dirisha. Evert alikuwa ndani, amesimama nyuma ya mlango uleule, na hakufungua.

Sasa sikiliza kosa lake la siku ya leo, maana ni kosa ambalo mgeni asingelifanya. Mgeni angeandikiwa saa nne akafika saa nne. Lakini Chuoni hapo, tangu enzi za mababu, kuna kitu wanakiita robo ya Chuo. Kipindi kikiandikwa saa nne, mwalimu anaingia saa nne na robo. Wanasema zamani vijana hawakuwa na saa mfukoni. Walisubiri kengele ya kanisa igonge, ndipo wakaanza kutembea. Evert aliishi na robo hiyo miaka thelathini na sita. Alikula nayo, akanywa nayo kahawa, akamkaripia kwayo kila mwanafunzi aliyewahi mno. Akafunga baiskeli yake nje ya jengo kuu, akafungua mikia ya koti, akaikung'uta, akapanda ngazi bila haraka. Saa ya ukutani ilisema saa nne na dakika tisa, na yeye akajiona amewahi kwa dakika sita nzima.

Milango miwili mikubwa ya ukumbi ilikuwa imefungwa. Mbele yake alisimama mwanamke mrefu mwenye joho jeusi na fimbo ndefu yenye njuga za fedha. Huyo alikuwa Bi Sietske, mshika fimbo wa Chuo. Kazi yake ni kuwaongoza maprofesa kuingia, kufunga milango, na baada ya saa moja kamili kuingia tena na kutangaza kwamba muda umekwisha. Evert alimfahamu tangu mwanamke huyo akiwa karani wa masijala.

"Bwana Evert," alisema Bi Sietske, na sura ikamwanguka. "Mungu wangu. Umekuja."

"Nimekuja, ndiyo. Mbona umenishangaa hivyo? Nifungulie, nikakae kabla hawajaanza."

"Wameanza."

"Wameanzaje na bado dakika sita?"

"Utetezi hauna robo, Bwana Evert. Vipindi vina robo. Utetezi ni saa nne, saa nne. Nimefunga milango kengele inagonga."

Evert alimtazama, akaitazama milango, akamtazama tena. "Hakuna aliyeniambia."

"Nani akwambie! Kila mtu wa Chuo anajua."

"Mimi ni mtu wa Chuo!"

"Umealikwa mara ngapi humu? Mara mia? Ungalikuja hata siku moja tu kula biskuti ya bure, leo ungalikuwa ndani."

Hilo lilimchoma mpaka moyoni. Akashusha sauti. "Bi Sietske, mimi ni mpambe wake. Kiti kipo, kinaningoja. Nifungulie kidogo tu, nipite kimyakimya."

"Siwezi."

"Nakuomba."

"Mwaka juzi nilimzuia balozi, Bwana Evert. Balozi na mkewe! Mlango ukifungwa haufunguki mpaka fimbo iingie saa tano. Nikikufungulia wewe, kesho nitamfungulia nani?" Lakini sauti yake haikuwa ngumu. Alimwangalia yule mzee na koti lake la kukodi, mabega yamelegea ghafla, akatikisa kichwa. "Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Wazee walisema, wewe hukusikia. Kaa hapo. Nikuletee kahawa."

Evert hakukaa. Alisogea mlangoni, akaweka sikio kwenye mbao. Akaisikia sauti ya Machteld. Maneno hayakusikika, sauti tu, inapanda, inashuka, inatulia kidogo, inaendelea. Miaka mitano hakuwa ameisikia. Ilikuwa imekuwa nzito kidogo, ya mtu mzima, na mwishoni mwa sentensi ilishuka vilevile kama ya Dirkje. Akafumba macho. Hamu aliyokuwa ameikalia jikoni miaka yote hiyo ilimpanda yote kwa mpigo mmoja, akajikuta ameshikilia mpini wa mlango kwa mikono miwili, hausukumi, ameushika tu.

"Njoo unywe," Bi Sietske alisema nyuma yake. "Ukilia juu ya mbao utaziharibia varnishi."

"Nani analia?"

"Hakuna. Kunywa."

Walikaa kwenye benchi chini ya picha. Kwenye kuta zote za hapo nje ya ukumbi wametundikwa wakuu wa Chuo, kuanzia wa kwanza mwenye ndevu mpaka kifuani. Bi Sietske, ili kumpumbaza mwenzake, alianza maneno anayowaambia wageni. Kwamba Chuo kilianza baada ya mafuriko makubwa, kwenye ghala la mbao, na vijana thelathini na wawili waliofundishwa kitu kimoja tu: kuyazuia maji. Baadaye wakaongeza meli, kisha injini, kisha umeme, kisha kemia, kila baada ya miaka ishirini kitu kipya, mpaka mji ukajaa wakahamia malishoni ng'ambo ya mfereji, ng'ombe wakafukuzwa wakajengewa majengo ya zege.

"Na huyu," Evert alisema, akionyesha picha ya tatu kutoka dirishani, ingawa macho yake yalikuwa mlangoni, "alikuwa mkuu Wajerumani walipoingia. Walimfukuza profesa wa kemia kwa kuwa ni Myahudi. Wanafunzi wakatoka darasani mmoja mmoja, kimya, hawakurudi. Chuo kikafungwa. Mwalimu wangu Bastiaan alizima moto wa karakana kwa mkono wake, akaficha ufunguo ndani ya pipa la kabichi. Miaka minne na nusu. Vita vilipokwisha akaja kuwasha, na unajua alipuliza nini kwanza?"

"Nini?"

"Glasi za kunywea. Mji mzima haukuwa na glasi. Maprofesa walipanga foleni na wauza viazi."

"Hiyo siijui," alisema Bi Sietske. "Haimo kwenye maelezo yangu."

"Haiwezi kuwamo. Yenu ni historia ya waliochorwa."

Bi Sietske alicheka kwa puani. "Bado una ulimi. Na yule profesa wa kemia?"

"Hakurudi." Evert alizungusha kikombe mkononi. "Bastiaan alisema profesa huyo alikuwa ameagiza chombo fulani kabla ya kuondoka. Bastiaan akakitengeneza, akakiweka rafuni. Kilikuwapo mpaka mimi naajiriwa. Hakuna aliyethubutu kukigusa. Ukiwasha moto lazima ujue kuna watu wa kuwawashia, ndivyo alivyoniambia. Sasa mimi moto wangu..." Akaacha. "Anasema nini sasa? Mbona kimya?"

"Mtahini mwingine anauliza. Ni kawaida."

"Wakimwonea?"

"Wamtese kidogo, ndiyo kazi yao. Ana mpambe wake wa kushoto."

"Na mpambe hufanya nini hasa? Nimekodi koti, sijui hata kazi."

"Hukaa. Hummiminia maji. Humsomea hoja wakimuuliza." Alifikiri. "Zamani walikuwa na haki ya kujibu badala yake, mtetezi akizidiwa. Sheria bado imeandikwa. Sijaona ikitumika, na hapa nina miaka kumi na tisa."

Evert alitoa kitabu mfuko wa ndani wa koti. Ndani yake mlikuwa na karatasi moja isiyoshonwa, maana desturi yao humlazimu mtetezi kuandika pia hoja fupi kumi, tisa za kisomi na ya kumi mara nyingi ya utani, na mtahini anaweza kumbana kwa yoyote. Akampa Bi Sietske asome ya kumi.

"'Mtu hawezi kupima sawasawa kwa chombo ambacho hamjui aliyekitengeneza,'" Bi Sietske alisoma. Akainua macho. "Hii amekuandikia wewe."

"Najua. Mimi mkaidi, si mjinga."

"Basi si nzuri? Amekuomba radhi, Bwana Evert. Kwa maandishi, mbele ya taifa zima."

"Si nzuri hata kidogo!" Evert alipiga goti lake. "Nimekisoma kitabu chote, wiki saba, na kamusi mbili. Ukurasa wa sitini na moja ameandika vipimo vya ile mirija ya Ujerumani, upana wake kila baada ya milimita. Wale wenzake wataona tarakimu. Mimi naona kioo. Bi Sietske, sijawahi katika maisha yangu kuvuta mrija ulionyooka namna ile. Wala Bastiaan. Alisema kweli siku ya kikao. Alisema kweli tupu, na mimi nikamfungia mlango. Sasa yeye ndiye ananiomba radhi, kwa hoja ya uongo! Mwanangu hakuwa mwongo. Nimemfundisha mimi uongo, kwa kununa." Akafuta uso kwa kiganja. "Nilitaka nimwambie kabla hawajaanza. Sentensi moja tu. Nikakae kwenye kiti chake, nimwambie."

Bi Sietske alinyoosha mkono. Alipokea kikombe kutoka mkononi mwake, akakiweka chini.

Waliobaki nje hawana la kufanya ila kungoja, na kungoja kwa mzee yule kulikuwa kugumu kukutazama. Alitembea mpaka dirishani, akarudi. Akaweka tena sikio. Akauliza saa ngapi, na saa ilikuwa mbele ya macho yake. Asiyekuwepo na lake halipo. Alijua kwamba ndani mle Machteld alikuwa na kiti kitupu kulia kwake, mbele ya watu mia mbili, na kila akigeuka kukitazama anapata jibu ambalo si jibu. Afadhali angetukanwa.

Saa tano kasoro dakika mbili Bi Sietske alisimama, akanyoosha joho, akashika fimbo.

"Sikiliza," alisema, akitazama mbele. "Mimi huingia dakika moja kabla, nasimama nyuma, saa ikitimia nagonga. Ndio utaratibu, na siuongezi wala siupunguzi hata kwa sekunde. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Na mgongoni sina macho."

Akafungua milango.

Ukumbi ulikuwa umejaa na umetulia. Mbele kabisa maprofesa saba walikaa nyuma ya meza ndefu, majoho na kofia, na katikati Machteld alisimama kwenye mimbari, mgongo wake kwa watu. Kushoto kwake Wendela. Kulia kwake kiti kitupu. Evert alisimama nyuma ya joho la Bi Sietske, na cha kwanza alichosikia ni sauti anayoijua, ya Profesa Ketelaar, mzee aliyeshuka karakanani kwake miaka ishirini.

"Nina dakika moja, nayo nitaitumia kwa hoja yako ya kumi," Ketelaar alikuwa anasema, kwa furaha ya paka aliyemwona panya. "Mtu hawezi kupima sawasawa kwa chombo ambacho hamjui aliyekitengeneza. Vizuri. Mirija ya kitabu chako imetoka kiwandani. Unamjua aliyeitengeneza?"

"Hapana, mheshimiwa mtahini."

"Basi moja kati ya mawili. Ama hoja yako ni ya uongo, ama vipimo vyako vyote vina makosa na kitabu hakifai. Unachagua lipi?"

Watu walicheka kidogo, kwa heshima. Machteld hakucheka. Akageuza kichwa kulia, akakitazama kile kiti.

"Hoja hiyo..." alisema. "Nilipoiandika, nilikuwa na mtu..." Ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba hataendelea.

Viatu vipya vya Evert vililia sakafuni. Hakuamua kutembea, miguu ilikwisha kuanza. Alipita katikati ya viti, mzee mwenye koti la mkia lililomzidi mikono, na mwenyekiti wa baraza akainua kichwa.

"Bwana, samahani. Wewe ni nani?"

Evert alifika kwenye kiti, akashika egemeo lake. Machteld ndiye aliyemjibu mwenyekiti, lakini macho yake hayakubanduka usoni pa baba yake.

"Ni mpambe wangu. Wa kulia."

"Na mpambe ana haki ya kujibu," alisema Evert, haraka haraka. "Imeandikwa. Kaulizeni."

Maprofesa walitazamana. Ketelaar alikuwa amemtambua, na furaha yote ya paka ikamtoka. Mwenyekiti alitazama saa yake, akatazama mwisho wa ukumbi, kwenye fimbo. "Imeandikwa," alikubali. "Jibu, Bwana. Kwa ufupi."

"Hoja si kweli," alisema Evert.

Ukumbi ukanong'ona. Machteld alishika ukingo wa mimbari.

"Si kweli. Ketelaar, wewe umenunua vyombo kwangu miaka ishirini. Ulinijua? Hukujua hata kama nina mke. Na vipimo vyako vilikuwa sawa, au vingi. Hoja aliiandika kunifurahisha mimi. Kitabu ndicho kweli. Mirija ile ya ukurasa wa sitini na moja imenyooka kuliko yoyote niliyowahi kuivuta, nasema hivyo mimi niliyevuta miaka thelathini na sita, na huyu alisema hivyohivyo kikaoni, alisema kweli kama nilivyomlea, na mimi baba yake, badala ya kumshukuru, nikam—"

Fimbo iligonga sakafu, njuga zikalia.

"Hora est," alisema Bi Sietske. Ni Kilatini, saa imetimia. Machozi yalikuwa yanamtiririka kidevuni, lakini aligonga palepale, bila kuzidisha hata sekunde.

Ikishasemwa hivyo, hakuna neno tena. Ndiyo desturi, na ni desturi ya huruma: mtetezi aliyekwama huachia sentensi yake njiani, na hakuna anayemdai iliyobaki. Mwenyekiti alifunga kikao, watu wote wakasimama, maprofesa wakavua kofia wakatoka nyuma ya fimbo kwenda kushauriana. Ketelaar alipopita mbele ya Evert aliinamisha kichwa. Kisha milango ikafungwa, na watu wakaanza kuzungumza kwa sauti za chini.

Machteld alishuka mimbarini akakaa kwenye kiti chake cha katikati. Evert alikaa kulia. Wendela, ambaye hakuwa mpumbavu, alikumbuka ghafla kwamba jagi la maji linahitaji kujazwa.

"Ulikuwa wapi?" Machteld aliuliza, akitazama meza tupu mbele yao.

"Mlangoni."

"Tangu lini?"

"Saa nne na dakika tisa. Nilidhani kuna robo."

"Utetezi hauna robo, Baba. Hata watoto wanajua."

"Mimi sikujua. Sikuwahi kupanda huku."

Machteld alitoa sauti ambayo haikuwa kicheko wala kilio. "Saa nzima nimekitazama kiti hiki. Nilijua hukuja. Nilikuwa nimeshakubali, unasikia? Nilikuwa nimeshakubali."

"Nasikia."

"Na sentensi yako hujaimaliza."

"Fimbo imegonga, mwanangu. Hakuna anayeidai."

"Mimi naidai."

Evert aliitazama mikono yake, yenye makovu ya moto, juu ya suruali ya kukodi. Nyuma yao watu mia mbili walijifanya wanatazama dari.

"Nikamfungia mlango," alisema. "Nilikuwa nimesimama nyuma yake, Machteld. Siku ile. Sikuwa nimelala, sikuwa nimetoka. Ulipogonga nilikuwa hapo, karibu kama hivi. Ukaniita, nikakusikia. Na sauti yako nimekuwa naikumbuka kila siku ya Mungu tangu siku hiyo, na kila siku nikaona haya kusema nilikuwepo."

Machteld aligeuka kumtazama. Alikuwa analia waziwazi sasa, kama alivyolia karakanani akiwa na miaka kumi, bila kujifunika. Huko nje njuga zilianza kusikika, zinakaribia, na Wendela alirudi na jagi akakaa. Watu wakasimama. Machteld akasimama nao, akapitisha mkono wake ndani ya mkono wa baba yake, akaushika kwa nguvu mpaka ukamuuma.

"Simama wima, Baba," alisema. "Wanakuja."